Kabla ya Kamera, Utepe

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole na shughuli. Umeniuliza ununue kamera gani ili uanze kutafuta miti mikongwe ya mjini na kuipiga picha. Usinunue kamera, simu uliyo nayo inatosha. Nunua utepe wa kupimia wa mita 20, ule wa nyuzi usiovutika. Utepe wa fundi cherehani ni mfupi, na ule wa chuma hukatalia kuzunguka shina lenye mabonde. Picha ya mti mkubwa isiyo na kipimo haimwambii mtu kama shina lina mzingo, yaani urefu wa kulizunguka, wa mita tatu au tisa.

Usianze kwa kuzurura mitaani. Fungua kwanza picha za setilaiti utafute taji pana, yaani matawi na majani yote ya juu ya mti, lililojitenga lenye kivuli kirefu. Hiyo bado si dalili ya uzee: mti uliopandwa peke yake uwanjani hutanuka upesi, na mkongwe halisi mara nyingi umeshapoteza nusu ya matawi yake. Ndiyo maana unahitaji pia ramani ya zamani au picha iliyopigwa kutoka angani miongo kadhaa nyuma. Mti uliokuwapo kabla ya barabara kuchongwa, huo uendee. Halafu pitia sehemu ambazo watu hawakuwa na sababu ya kukata: makaburini, viwanja vya nyumba za ibada, shule na stesheni za zamani, kingo za mito, mipaka ya mashamba yaliyomezwa na mji. Majina kama Mbuyuni, Mkwajuni au Mwembeni yana faida pia. Mti uliolipa eneo jina huenda umeshakatwa, lakini wa rika lake waweza kuwa umebaki nyuma ya nyumba fulani. Ukikutana na wazee wa hapo, usiwaulize mti una miaka mingapi. Utapewa mia tatu, au mia tano mzee akiwa mkarimu. Waulize kama walipokuwa wadogo ulikuwa mnene hivihivi, na nani alikuwa akiishi karibu nao.

Sasa kupima, na hapa ndipo wengi huharibu. Mzingo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Penye mteremko, hesabu hiyo 1.3 kutoka upande wa juu. Zungusha utepe ukiwa umelala sawa. Utepe ukishuka kwa nyuma bila wewe kuona, namba inapanda bure. Mti ulioinama upime kwa kufuata mwinamo wake, utepe ukikata shina msalaba. Mimea inayotambaa usiikate, pitisha utepe chini yake. Pakiwa na nundu kwenye 1.3, shuka hadi sehemu nyembamba kuliko zote chini ya hapo, na uandike ulipima kimo gani. Kama mizizi imepanda shinani kama mbavu, pima sentimita 30 juu ya pale mbavu zinapoishia. Shina likigawanyika chini ya 1.3, kila kigogo kina namba yake, wala usizijumlishe ukadai ni mti mmoja wa ajabu. Hata mti wa Tule kule Oaxaca, Mexico, ambao mzingo wake unazidi mita 35, ulibishaniwa miaka mingi kama ni mti mmoja au kadhaa iliyoungana. Ukitaka kipenyo, gawanya mzingo kwa 3.14.

Urefu hauhitaji chombo. Shika kijiti wima mkono ukiwa umenyooka, sehemu inayojitokeza juu ya ngumi iwe sawa na umbali kutoka jichoni hadi ngumini. Rudi nyuma hadi ncha ya kijiti iguse kilele na ngumi ikae kwenye kitako cha shina. Umbali wako hadi shina ndio urefu wa mti. Njia hii inataka ardhi tambarare, na kwenye taji pana ni rahisi kulenga tawi lililokuelekea ukidhani ni kilele. Hapo mti unarefuka kwenye daftari tu. Ukisogea mbali utakiona kilele chenyewe.

Umri usiuandike, labda uwe na hati ya upandaji. Ile kanuni ya Alan Mitchell, mtaalamu wa miti wa Uingereza, kwamba mti uliosimama wazi huongeza takriban sentimita 2.5 za mzingo kwa mwaka, ilitokana na miti ya kwao, na ukiihamishia kwenye mbuyu unajidanganya. Mbuyu huhifadhi maji, kwa hiyo mzingo wake huweza hata kupungua wakati wa ukame, na vigogo vyake huungana vikazunguka uwazi katikati. Mbuyu wa Panke wa Zimbabwe ulikadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 2,400 kwa kipimo cha kaboni iliyo kwenye mbao zake, si kwa utepe.

Kwenye picha, kosa kubwa ni kusogea karibu na kuinua simu juu. Shina linanenepa chini, kilele kinakuwa kidogo, na mti unaonekana unaanguka nyuma. Rudi umbali wa mara mbili ya urefu wa mti, shika simu wima bila kuilaza nyuma, tumia lenzi ya 2x, ile inayovuta picha mara mbili. Nafasi ikikosekana, tafuta ghorofa ya kwanza ya jengo la jirani. Mtu wa kulinganishia asimame ubavuni mwa shina, umbali uleule na shina. Akija mbele hatua tatu, mti utaonekana mdogo kuliko ulivyo. Taji zima lipige asubuhi au jioni, jua likiwa ubavuni mwako. Mchana wa jua kali anga hugeuka nyeupe na majani kuwa meusi. Gome lipige siku ya mawingu. Gusa shina kwenye kioo ili simu ipime mwanga hapo, kisha punguza kidogo. Ongeza jani pande zote mbili, ua au tunda, na kitako cha mti. Bila hizo mtaalamu hawezi kuutaja mti kwa uhakika. Mti unaopukutisha urudie ukiwa mtupu, maana matawi ndiyo yanayoonyesha ulipovunjika na kuchipua tena.

Chini ya taji zito simu hukosea mahali kwa mita kadhaa. Chukua latitudo na longitudo kwenye uwazi wa karibu, uandike hatua na uelekeo hadi shinani. Tarakimu tano baada ya nukta zinatosha, ni kama mita moja. Kusini mwa ikweta usisahau alama ya kutoa, la sivyo mti wako utahamia kaskazini.

Kabla ya kukumbatia shina tazama juu kama kuna tawi kavu linaloning'inia, halafu tazama matundu, nyuki hupenda humo. Omba ruhusa kwa mwenye eneo, na karibu na kambi ya jeshi simu ibaki mfukoni.

Ukipata wa kwanza nitumie mzingo, kimo ulichopimia na picha ya gome. Jina la mti tutalitafuta pamoja.

Ni mimi rafiki yako.