Malalamiko kuhusu bosta ya gari iliyouzwa kuwa ya "mitandao yote"

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: KUKATALIWA KURUDISHA BOSTA YA MTANDAO YA GARI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua kwenu bosta ya mtandao, yaani kifaa cha kuongeza nguvu ya wimbi la simu, ya kufunga kwenye gari, ile yenye antena ya sumaku inayokaa juu ya paa, kikuza mawimbi kinachofungwa chini ya kiti, na antena ndogo ya ndani. Kazi yangu ni kutengeneza pampu za maji, na siku nyingi niko kwenye barabara ambazo simu inashika ukiwa kilimani na kupotea ukishuka bondeni. Boksi lenu limeandikwa kwa herufi kubwa "Mitandao Yote", na chini yake "desibeli 50". Desibeli 50 ni kuongeza nguvu ya wimbi mara 100,000. Nililipa siku hiyohiyo.

Safari ya kwanza nilisimamisha gari mahali ninapopajua, chini ya mteremko ambako simu yangu huwa na kijiti kimoja tu cha mtandao. Kwenye ukurasa wa vipimo, simu ilisoma hasi 112 dBm (kipimo cha nguvu ya wimbi; namba ikikaribia sifuri, wimbi lina nguvu zaidi). Nikawasha bosta, taa ikawa ya kijani, nikasubiri dakika tano. Hasi 112. Nikazima. Hasi 112 ileile. Nikashuka, nikaiweka simu yenyewe juu ya paa kando ya antena yenu, ikasoma hasi 103. Yaani bati la gari, ambalo ndilo nililonunulia kifaa ili nilikwepe, nililikwepa kwa kunyoosha mkono.

Nilipiga simu kwenu. Kijana aliyepokea alikuwa mpole, sina la kusema juu yake, ila alishikilia jibu moja: antena ya nje na ya ndani zimekaribiana mno. Najua tatizo hilo lipo. Antena hizo mbili zikisikiana, bosta hukuza sauti yake yenyewe kama kipaza sauti kinavyopiga mluzi mbele ya spika, kisha hujipunguza nguvu au hujizima ili isisumbue mnara. Lakini kwa mujibu wa maelekezo yenu, likitokea hilo taa huwa nyekundu. Yangu haijawahi kuwa nyekundu hata mara moja. Hata hivyo nilitii. Nilisogeza antena ya nje hadi nyuma kabisa ya paa, nikateremsha ya ndani hadi usawa wa goti, nikapitisha waya upya chini ya zulia. Wiki mbili nilizunguka hivyo. Sumaku, niwe mkweli, inashika sawasawa. Hiyo sina ugomvi nayo.

Jibu nilikuja kulipata mwenyewe, tena kwa bahati. Nilifungua skrubu nne ili nihamishe kikuza mawimbi, nikakigeuza, na mgongoni, upande unaolala juu ya sakafu, kuna kibandiko chenye maandishi madogo sana: 869–894 na 1930–1990 MHz. Basi. Hayo ndiyo masafa, yaani namba za mawimbi ya redio kwa megahezi (MHz), ambayo kifaa hiki kinayapokea kutoka mnarani na kuyakuza. Minara ya njia ninazopita inatumia masafa ya 900, ambayo mnara huyarusha kati ya 925 na 960, na simu yangu inaonyesha hivyo waziwazi. Desibeli 50 zenu hazikuligusa wimbi langu hata kidogo. Taa ilikuwa ya kijani kwa sababu kifaa ni kizima. Kinafanya kazi vizuri kabisa kwa minara ambayo huku haipo.

Baada ya hapo nilikisoma kijitabu upya. Kinamtaka mwenye bosta aisajili kwa kampuni yake ya simu kabla ya kuiwasha, kwa kanuni za FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani. Masafa ya 850 na 1900, ndiyo hayo ya kwenye kibandiko, ni ya kawaida kule. Kwa hiyo mlileta kifaa kilichotengenezewa soko la kule, mkakitia kwenye boksi lililoandikwa "Mitandao Yote". Na kwa kuwa nchi nyingi zina masharti yake kuhusu bosta, hamkumwambia mnunuzi kama anahitaji kibali cha huku kabla ya kuiwasha.

Lililonifanya niandike barua hii ni jibu lenu la mwisho. Mmekataa kuipokea bosta kwa sababu "kifungashio kimefunguliwa". Masafa hayakuandikwa nje ya boksi. Hayakuandikwa kwenye risiti, wala kwenye tangazo lililonifanya ninunue. Yako mgongoni mwa kifaa, ndani ya boksi lililofungwa kwa utepe wenu. Mnanitaka nijue kitu ambacho ili nikijue ni lazima nifungue, halafu mnaniadhibu kwa kufungua.

Sikutegemea miujiza. Pasipo na wimbi, bosta haina cha kukuza, na kuna mabonde ambako hakuna kifaa chochote kitakachonisaidia, hayo siwadai. Nadai nirudishiwe fedha zote nilizolipa pamoja na gharama ya usafirishaji wa kwenda na kurudi. Sitaki bosta nyingine kutoka kwenu mpaka mnionyeshe kwa maandishi kwamba inakuza masafa ya 900, nayaandika hapa ili asije mtu akaniuliza tena kama antena zimekaribiana. Na maboksi yaliyobaki stoo, bandikeni masafa upande wa mbele. Mwuzaji akimwuliza mteja swali moja tu, "simu yako inatumia masafa gani unakoenda?", shauri lingeishia kaunta.

Picha ya kibandiko, picha tatu za vipimo na nakala ya risiti nimeziambatisha. Kifaa nimekirudisha kwenye boksi lake pamoja na skrubu zote nne. Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Kwa simu naweza nisipatikane, na sababu mnaijua.

Wenu,
Mteja (jina na saini viko kwenye nakala ya risiti)