Risala ya Kikundi cha Vijana Wasomaji wa Historia kwa Mgeni Rasmi, Wilaya ya Wete, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Sheha wa shehia yetu,
Mwalimu Mkuu na walimu wote,
Wajumbe wa Kamati ya Skuli,
Wazee wetu mliopigana Vita vya Kagera, mliokaa safu ya mbele,
Wazazi, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia uzima wa kukutana asubuhi hii. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu na kuacha shughuli zako. Njia ya kuingilia kijijini kwetu si nzuri, na tunajua ulikuwa na mialiko mingine. Karibu sana, ujisikie uko kwenu.

Kikundi chetu kilianza miaka sita iliyopita chini ya mwembe ule unaouona mbele ya skuli, kikiwa na wanafunzi 9, mwalimu mmoja na kitabu kimoja. Leo kina wanachama 64, wasichana 38 na wavulana 26, kuanzia darasa la tano hadi kidato cha pili. Tuna katiba, tuna kamati, na tunakutana kila Jumamosi.

Kwa muda huo mfupi tumepata mafanikio makubwa ya kupigiwa mfano. Tumesoma vitabu 31 mwanzo hadi mwisho. Tumetembelea makumbusho yaliyomo ndani ya ngome kongwe ya Chake Chake, na magofu ya Mkama Ndume kule Pujini. Mwaka jana tulishika nafasi ya pili katika mdahalo wa skuli tatu za jirani, na katika duru ya kwanza sisi ndio tulioongoza. Wenzetu watano waliokuwa hawawezi kumaliza aya moja bila ya kukwama, leo wanawasomea baba zao gazeti barazani.

Lakini tunalojivunia kuliko yote, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ni somo letu la Vita vya Kagera, vita vya Tanzania na Uganda vya 1978 na 1979. Tumechagua wiki hii kukualika kwa sababu 25 Julai, Siku ya Mashujaa, imekaribia. Hatujasikia kikundi chengine cha watoto hapa kisiwani kilichoifanya kazi hii kama tulivyoifanya sisi.

Watoto walikuja na habari za kusikia. Mmoja alisema Idi Amin, Rais wa Uganda wakati ule, alikuwa anataka kufika Dar es Salaam. Mwengine alisema vilikuwa vita vya dini. Mdogo kuliko wote akauliza kama Waganda ni maadui zetu mpaka leo. Hatukumcheka hata mmoja. Tulitandika ramani juu ya jamvi, tukaanza.

Ramani ndiyo iliyotufungua macho. Mpaka wa Tanzania na Uganda magharibi ya Ziwa Victoria ni mstari ulionyooka, nyuzi 1 kusini ya ikweta. Uliwekwa na Uingereza na Ujerumani katika mkataba wa 1 Julai 1890, na mkataba huohuo ndio ambao Ujerumani ilikubali Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Uingereza. Mtoto wa Wete na mtoto wa Kyaka, kule kando ya Mto Kagera, waliandikiwa hatima yao kwenye karatasi moja, wala hakuna mzee wao aliyeulizwa. Mto Kagera haukuufuata mstari ule. Umepita kusini yake, ukaacha kipande cha Tanzania ng'ambo ya mto, kiasi cha kilomita za mraba 1,800. Hicho ndicho jeshi la Amin lilichokivamia Oktoba 1978, na 1 Novemba akatangaza kwamba ni ardhi ya Uganda. Siku hizo hizo daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Julius Nyerere akalihutubia taifa, na maneno yake matatu kila mwanachama wetu anayajua kwa moyo: uwezo, sababu na nia.

Yaliyofuata tunayasoma hatua kwa hatua: Mutukula Januari 1979, Masaka Februari, Lukaya Machi ambako wanajeshi wa Libya walikuja kumsaidia Amin, Kampala 11 Aprili, mpaka jeshi letu lilipofika mpaka wa Sudan na vita vikamalizika 3 Juni. Hatuwafichi watoto yasiyopendeza. Wanajua kwamba Mutukula ilipotekwa, nyumba zake zilisawazishwa mpaka chini.

Aliyesema ni vita vya dini tulimtajia majina tu: Makamu wa Rais alikuwa Aboud Jumbe, Waziri wa Ulinzi alikuwa Rashidi Kawawa, Mkuu wa Majeshi alikuwa Abdallah Twalipo. Alinyamaza kidogo, kisha akaomba aandike ubaoni yeye mwenyewe. Na yule mdogo tulimwonyesha kwamba Waganda wenyewe walipigana bega kwa bega na askari wetu kumwondoa Amin, na kwamba leo tumo pamoja nao katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 linatoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga, ambako ni kuvuka tu mkondo wa Pemba kutoka hapa tulipo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, vitabu vinazungumzia majenerali. Askari wa kawaida aliyetoka Pemba hamkuti humo. Kwa hiyo tuliamua kuwafuata wazee wetu majumbani. Katika shehia za karibu tulipata wazee 7 waliokwenda Kagera, wengine jeshini, wengine kwenye mgambo. Watoto walikwenda wawili wawili na madaftari, wakauliza, wakaandika. Yalijaa madaftari 11.

Hapo ndipo tunapoomba usikivu wako kwa ukamilifu.

Kikundi hiki hakina mahali penye paa pa kukaa wala pa kuweka kitu. Maktaba iliyopo iko Chake Chake, na nauli ya kwenda na kurudi ni zaidi ya fedha ya matumizi ya mtoto kwa wiki. Darasani hatuwezi kukaa, maana skuli ina mikondo miwili na vyumba havitoshi. Kwa miaka mitatu sasa tunacho chumba chetu wenyewe, nyuma ya skuli, mita 8 kwa mita 6. Matofali waliyafyatua wazazi. Mchanga waliubeba wanafunzi kwa ndoo. Saruji ilinunuliwa msimu wa karafuu, kila mzazi mchumaji alipotoa ujira wa pishi moja kila siku ya mchumo. Kina mama waliokuwa na watoto wachanga migongoni nao walitoa. Kuta zilisimama, linta ikamwagwa, pembe za paa zikajengwa. Kilichobaki ni kuezeka.

Mpaka leo hakijaezekwa. Katikati ya chumba umeota mpapai. Haukupandwa na mtu. Umekua, umepita juu ya linta, na watoto wameshakula mapapai yake misimu miwili.

Madaftari yale 11 tuliyahifadhi kwenye kabati la mbao, tukaliweka katika kona ya chumba hicho, tukalifunika turubai. Tulikuwa na ahadi mkononi na tukaamini paa liko njiani. Masika ya mwaka jana usiku mmoja upepo uliliinua turubai. Asubuhi tulianika madaftari juu ya majani ya ua kama watu wanaoanika dagaa. Manne hayasomeki tena. Moja tumekuja nalo, Mheshimiwa, liko mezani mbele yako, na tunakuomba ulifungue ukurasa uliowekwa uzi mwekundu.

Ni maneno ya mzee wetu mmoja, mvuvi. Anaeleza alivyofika Mto Kagera, na kwamba katika kikosi chake wengi walikuwa vijana wa bara wasiojua kuogelea, yeye mtoto wa pwani akawa anawatuliza. Mwandiko ni wa msichana wa darasa la sita, umenyooka vizuri. Mstari wa mwisho unaosomeka unasema: “Tulipofika ukingoni usiku ule tukaambiwa tuvue”. Baada ya hapo ni doa la wino wa buluu mpaka chini ya ukurasa, na kurasa sita zinazofuata zimegandana.

Waliambiwa wavue nini, hatujui. Msichana yule alikumbuka mambo mawili matatu, lakini hakutaka kuandika asilokuwa na hakika nalo, na tulimsifu kwa hilo. Tulipanga kurudi kwa mzee Jumamosi iliyofuata. Tulipofika tulikuta viatu vingi mlangoni na watu wanasoma khitma. Mwenyezi Mungu amrehemu. Kati ya wazee wale 7 wamebaki 3. Wawili wako hapa safu ya mbele, na wa tatu hawezi tena kutoka nje.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wewe si mgeni wa kwanza kuombwa paa hili, na tungekukosea heshima kama tungelificha jambo hilo. Mgeni wetu wa kwanza alisimama hapo hapo penye meza, akaahidi mabati yote. Kina mama walipiga vigelegele, nasi tuliandika ahadi ile katika kumbukumbu za kikao. Wa pili aliahidi nusu, na nusu nyengine akasema atazungumza na wenzake. Wa tatu alikuja na fundi, akapima kwa futi kila upande, akapiga picha na watoto, akasema kabla ya vuli kazi itakuwa imekwisha. Vuli zimepita mbili. Tumepiga simu, tumepeleka barua tatu, na nakala zake tunazo kwenye faili.

Hatuwataji, kwa sababu ni watu tunaowaheshimu, na kila mtu hupatwa na uzito. Lakini tunaomba ijulikane kwamba watoto wanasikia na wanakumbuka. Waliopiga makofi mara ya kwanza wakiwa darasa la tano sasa wako kidato cha pili. Katika kikao cha kuandaa risala hii mmoja wao aliuliza, “Safari hii tupige makofi mapema au tusubiri?” Katika kamati hakuna aliyeweza kumjibu. Tunawafundisha kila Jumamosi kuwa historia ni kuyaweka maneno ya watu kama walivyoyasema, na neno waliloahidiwa wao wenyewe wameliweka.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, ombi letu leo ni moja tu. Tunaomba mabati 48 ya geji 28, kofia za bati, mbao za kenchi na papi zake, na misumari. Mchanganuo kamili umeambatanishwa na risala hii. Ufundi hatuombi: wako wazazi wawili mafundi seremala wameahidi kufanya kazi bila ya malipo, na mmoja wao amekuja leo na msumeno wake. Milango, madirisha na sakafu tutajimudu wenyewe msimu ujao wa karafuu, kama tulivyojimudu kuta. Hatuombi fedha mkononi. Tunaomba vifaa vifike skulini, Sheha avipokee mbele ya watu, na Kamati ya Skuli itie saini.

Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba anayo yote matatu. Sisi sababu ya kuezeka tunayo, umeifungua hapo mezani. Nia tunayo, umeiona ukutani. Tulichopungukiwa ni uwezo, na ndiyo maana tumekuita.

Yako mahitaji mengine, ikiwemo vitabu, ramani kubwa ya Afrika Mashariki na taa ya sola. Leo hatuyaombi. Vitabu vipya ndani ya chumba kisicho na paa ni kuviandalia maji.

Na kama jambo hili liko nje ya uwezo wako, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakuomba kwa heshima zote utuambie leo hii hii, hapa hapa. Hatutakasirika. Tutakushukuru kwa kutuambia, tutakula pamoja chakula kilichoandaliwa na kina mama, na kesho tutaanza kutafuta makuti. Makuti yanavuja na hayadumu, lakini masika hayangoji, na yule mzee wa tatu aliyelala ndani bado anakumbuka jina la kila kijana aliyevuka naye. Tumeshakwenda kwake mara mbili. Tumeandika kurasa 14, na kwa sasa daftari lake linalala chini ya mto wa katibu.

Tunakuomba, kabla ya kutoa nasaha zako, uinuke pamoja nasi. Ni hatua chache tu nyuma ya skuli. Fundi anakungoja mlangoni na vipimo vyake, na watoto watakuonyesha njia.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Risala hii imeandaliwa na kusomwa na Katibu, kwa niaba ya wanachama 64 wa Kikundi.