Shoga yangu, nataka kuingia jeshini

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Natumai nyote hapo Mokowe mu wazima, na mama mkwe wako ameinuka kitandani. Sisi huku Texas twashukuru Mungu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na nataka ulisikie lote kabla hujanijibu.

Nataka kuingia jeshi la Marekani.

Usiikunje barua, endelea kusoma. Kazi yangu waijua: zamu ya usiku katika nyumba ya wazee, kuwageuza wagonjwa, kuwaosha, kuwapima presha. Ni kazi ya heshima na wazee wangu nawapenda, ila cheti changu kinaishia hapo. Uuguzi kamili ndio niliouota tangu tukiwa shule, na ada ya chuo huku haishikiki kwa mishahara yetu miwili. Jeshi la akiba linasaidia ada ukijifunga miaka sita. Halilipi yote, lakini linatosha kuufungua mlango.

Mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu kama changu, anaruhusiwa kujiunga hata kabla ya kuwa raia. Kuna mtihani wa hesabu na lugha, wanauita ASVAB, kisha vipimo vya mwili, kisha kiapo. Ukuruta ni wiki 10. Kazi ninayoitaka, ya tabibu wa askari, inaongeza wiki 16 huku huku Texas, mjini San Antonio, na mtu anatoka na cheti cha huduma ya dharura kinachotambulika hata kwenye ambulensi za raia. Baada ya hapo ni wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka, isipokuwa waite kikosi. Na hukiita.

Sajini anayesajili ni mtu mchangamfu, kila ninalomuuliza ananijibu kuwa linawezekana. Mama mmoja Mkenya aliyewahi kutumikia alinivuta kando msikitini akaniambia: lisiloandikwa kwenye mkataba halipo. Basi nimemwambia sajini kwamba utabibu uandikwe kwa namba yake, 68W, la sivyo sitii sahihi. Nimejua pia kuwa hata wakitaja miaka sita, kifungo chenyewe ni miaka 8. Ile inayobaki jina lako linakaa kwenye orodha, na vita vikizidi unaweza kuitwa. Vijana wengi wetu huku hutia sahihi bila kulisoma hilo.

Watu watasema nafuata uraia. Naam, nautaka. Aliye jeshini halipi ada ya ombi wala hangoji miaka ya ukaazi wanayongoja wengine, na Katiba yetu ya 2010 hainivui Ukenya. Lakini uraia hauji wenyewe. Wako askari waliotumikia wasiuombe, wakaja kupatwa na kesi, wakafukuzwa nchini. Na ukitolewa jeshini kwa aibu kabla ya kutimiza miaka mitano, unaweza kunyang'anywa.

Sasa nije kwenye lenye uzito. Tarehe 5 Januari 2020, al-Shabaab walipovamia alfajiri kambi ya Manda, hapo kwetu Lamu, wanakokaa askari wa Marekani, wewe ndiwe uliyeniandikia wa kwanza. Walikufa askari mmoja wa Marekani na Wamarekani wawili wa kandarasi. Sisi kambi ile tulizoea kuiona kama mambo ya wageni, waliokaa kwetu bila kuwa wa kwetu. Nikila kiapo, mgeni huyo ni mimi. Wanaweza kunipeleka kambi yao ya Djibouti, wanaweza kunileta Manda yenyewe, nikapita karibu na nyumbani nimevaa sare ya watu wengine.

Kaka yangu ameniambia wazi: utavaa magwanda ukapigane na Waislamu wenzako? Swali hilo ninalo kila nikiswali. Nusu ya jibu ninayo. Mlipuko wa Mogadishu wa tarehe 14 Oktoba 2017 uliua watu zaidi ya 500, na karibu wote walikuwa Waislamu waliotoka kutafuta riziki. Kuwapinga waliofanya vile hakuniondolei dini. Nusu ya pili sina, kwa sababu askari hachagui vita. Waliojiunga kabla ya 2003 kwa ajili ya ada ya chuo walijikuta Iraq, na silaha za maangamizi zilizotajwa kuwa sababu ya vita hazikuonekana. Laweza kunifika nami, na sheria yao haimruhusu askari kukataa vita kimoja na kukubali kingine.

Ndiyo maana naushikilia utabibu. Tabibu naye hubeba bunduki, ajilinde na awalinde majeruhi wake, sikufichi. Lakini Mikataba ya Geneva inamtaka amtibu hata majeruhi wa adui, na atangulize mwenye hali mbaya zaidi. Kwa kazi hiyo naweza kusimama mbele ya Mungu wangu. Hijabu jeshi la nchi kavu limeikubali tangu Januari 2017, ukiomba na kamanda wa brigedi akaridhia. Nitaomba mapema, kwa maandishi.

Nilishauriwa niende Walinzi wa Taifa wa hapa Texas, nikakataa. Wale wako chini ya gavana, na tangu 2021 anawapeleka kwenye mto Rio Grande, mpakani na Mexico, kuweka seng'enge na kuwazuia wahamiaji. Mimi niliyeingia nchi hii kwa bahati nasibu ya viza sitasimama upande wa pili wa seng'enge nikimtazama mama amebeba mtoto majini. Najua rais naye anaweza kupeleka jeshi mpakani, na ameshapeleka. Lakini jeshi la akiba ndilo lenye vikosi vingi vya hospitali, na humo kazi yangu itakuwa wagonjwa.

Sijatia sahihi bado. Mume wangu ameniunga mkono baada ya mabishano ya usiku mwingi, naye atabaki na binti yetu hiyo miezi ya mafunzo. Masharti yangu ni matatu: akiba, utabibu, na kila ahadi kwenye karatasi. Likikosekana moja narudi kwa wazee wangu.

Mama hajui. Nitamwambia mwenyewe, ila sitaki alipokee akiwa peke yake. Tafadhali nenda ukae naye Ijumaa ya mwisho wa mwezi baada ya swala, nitapiga ukiwa hapo. Ndani ya kasha lake kuna cheti changu cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, vyote viwili wanavidai. Vipige picha kwanza, kisha umpe yeyote wa kuaminika anayesafiri kuja huku. Na kama waona nimepotea njia, niandikie kabla ya Ijumaa hiyo. Neno lako nitalisikiliza.

Wasalaam,
Shoga yako wa Texas