Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: tuambiwe hizi dawa zinatufanya nini

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mbagala, nina ugonjwa unaitwa alsarativu kolaitisi, utumbo mpana unavimba kwa ndani unatoka vidonda, ukiamka vibaya unaharisha damu mara kumi na zaidi kwa siku. Ni ndugu yake ugonjwa wa Crohn, yote kwa pamoja wanaita IBD. Nikisema nina vidonda vya utumbo mpana watu wanasikia vidonda vya tumbo, wananiletea juisi ya kabichi. Nilitibiwa amiba na taifodi miaka miwili, Flagyl nimemeza mpaka mdomo mzima una ladha ya chuma, ndo baadae nikapigwa ile kamera ya kupitisha nyuma wakaona. Sikulaumu mtu kwa ilo, haya magonjwa yanafanana, hata TB ya utumbo na Crohn madaktari wenyewe wanahangaika kuzitofautisha. Nilichokuandikia ni dawa.

Siku naanza prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe wa ndani, dirishani nilipewa kibahasha cha kaki kimeandikwa 8x1, basi. Vidonge vinane vya miligramu 5 kila asubuhi. Damu ilikata ndani ya wiki, nililia kwa furaha. Af yakaanza mengine, usingizi hakuna, njaa ya kuamka usiku kula ugali wa baridi, chunusi, uso ukavimba ukawa duara, majirani wananipongeza nimenawiri, wengine wananiuliza mimba ya miezi mingapi. Mi nilidhani figo zimekufa. Sikujua kabisa kama ni dawa, na kwa kuwa damu haitoki tena nikajiambia nimepona, nikaacha zote siku moja. Siku ya tano nilianguka darasani mbele ya watoto wa la tatu, presha iko chini, nguvu sina hata za kushika chaki. Ndo naambiwa ukishaitumia hii dawa wiki nyingi mwili unaacha kutengeneza homoni yake yenyewe ya aina hiyo, ukiikata ghafla unabaki huna kitu, kwa hiyo inashushwa polepole, kwangu ilikuwa kidonge kimoja kila wiki. Mheshimiwa hiyo ni sentensi moja tu, na ilinifikia nikiwa nimelazwa kwenye dripu.

Na dawa hiyohiyo naona watu wananunua dukani bila cheti, kwa kifua, kwa kuwashwa, wengine makusudi kabisa ili wanenepe. Hawaambiwi kwamba inapandisha sukari, wala kwamba ukiitumia muda mrefu inakula mifupa.

Kuna kaka mmoja tunakutana kliniki anatumia salfasalazini, nayo ni dawa ya ugonjwa wetu huu. Mkojo ulibadilika rangi kama chungwa akaogopa, hiyo ndogo. Kubwa ni kwamba alikaa na mkewe mtoto hapatikani, mama mkwe na mawifi wakamkalia mwanamke kooni, kumbe hiyo dawa inaweza kupunguza mbegu za mwanaume kwa muda, na ukibadilishiwa zinarudi baada ya miezi kadhaa. Ndoa ilibaki kidogo ivunjike. Nikikumbuka yule dada alivyosemwa roho inaniuma mpaka leo.

Mimi sa hivi niko kwenye azathioprini. Hii inashusha kinga, inaweza kushusha chembe nyeupe za damu na kusumbua ini, kwa hiyo FBP (kipimo cha kuhesabu chembe za damu) na vipimo vya ini ni lazima, mwanzoni mara kwa mara, baadae kila baada ya miezi mitatu hivi. Homa ikipanda unatakiwa ukimbie hospitali, sio kumeza panadol na kulala. Kuna miezi nimekosa hela ya kipimo na dawa nikaendelea kumeza hivohivo, na wapo wengi wanafanya hivyo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita 2023, naomba kwenye hiyo bima kipimo kihesabike kuwa sehemu ya dawa, kwa sababu dawa hii bila kipimo ni hatari.

Chakula nacho ni vurugu tupu. Kila mtu anakukataza kitu, maharage, maziwa, nyama, mayai, pilipili, nilibaki na uji mweupe nikafika kilo 43. Nilichokuja kujifunza ni kwamba hakuna mlo mmoja wa wote, ugonjwa ukiwaka mi nakula laini, mtori, wali uliolainika, viazi, ukitulia narudisha mchicha na maharage kidogokidogo naangalia. Dagaa sikosi kwa ajili ya mifupa. Na jingine linalotuumiza kimyakimya, diklofenaki na ibuprofeni, viungo vinauma (na huu ugonjwa kweli unaumiza viungo) unanunua za kutuliza, na zenyewe zinaweza kuuamsha ugonjwa upya. Safari ndo sisemi, basi la mkoani likisimama kuchimba dawa mara moja kwa masaa manne mtu kama mimi anasafiri hajala tangu jana.

Sikuombi hospitali mpya Mheshimiwa. Naomba iwe ni agizo, yeyote anayepewa prednisoloni ya zaidi ya wiki chache, azathioprini au salfasalazini apewe karatasi ya Kiswahili cha kawaida, inafanya nini, itakubadilisha vipi, upime nini lini, na nini usiache ghafla. Na anayeitoa dirishani aisome na mgonjwa hata dakika mbili, maana wapo wasiojua kusoma.

Kile kibahasha changu bado ninacho. Mbele kimeandikwa 8x1, nyuma ni kweupe, na yale maneno ya kutoikata ghafla yangeenea pale.

Mwalimu, Mbagala