Taja mnyama kwenye kichwa cha habari

Mhariri,

Mama yangu aliacha dawa alizoandikiwa na daktari, akashika chupa ya vidonge vya kitunguu saumu. Karatasi ya chupa inasema "vimethibitishwa kupunguza mafuta kwenye damu". Nilipoisogeza karibu na taa, nikasoma herufi ndogo za chini: utafiti ulifanywa kwa panya.

Panya, Mhariri! Kolesteroli, yaani mafuta hayo ya damu, kwa panya sehemu yake kubwa husafiri ndani ya chembe za HDL, ile tunayoiita kolesteroli nzuri. Tena panya hana CETP, protini ambayo kwetu binadamu huhamisha kolesteroli kutoka HDL na kuipeleka upande wa LDL, ile inayoziba mishipa. Sungura naye ni mwepesi mno kuathirika. Mwaka 1913 watafiti wa Urusi waliwalisha kolesteroli, mishipa yao ikaharibika. Mtafiti Akira Endo wa Japani alipogundua kompaktini, ya kwanza kati ya dawa za statini za kupunguza kolesteroli, miaka ya 1970, panya hawakuonyesha nafuu, kuku wakaonyesha. Angewasikiliza panya peke yao, huenda dawa za statini zingechelewa sana.

Kitunguu saumu kimeshapimwa kwa watu. Mwaka 2007 huko Marekani, watu wazima 192 wenye LDL iliyopanda kiasi walifuatiliwa kwa miezi 6, na LDL yao haikushuka kwa maana yoyote.

Naomba gazeti lako, kila linapochapa habari za utafiti wa namna hii, liandike "panya" au "sungura" juu kabisa, kwa herufi kubwa. Mama hasomi herufi ndogo.

Msomaji wako