Shukrani kwa nahodha wa Nungwi

Ninamshukuru hadharani nahodha wa ngalawa wa Nungwi, ambaye hata jina lake sikulipata. Nilitaka kupima kasi ya skuta yangu ya chini ya maji, lakini saa yangu ilipoteza mawasiliano ya setilaiti kila nilipozama. Aliacha nyavu zake, akatia nanga maboya mawili yaliyoachana mita 50, umbali alioupima kwa kamba, kisha akanihesabia muda kwa simu, kwenda na kurudi, ili mkondo usituhadae. Kwenda ilikuwa sekunde 30, kurudi 45: yaani kilomita 6 na kilomita 4 kwa saa, na wastani wa kasi hizo mbili ni kilomita 5 kwa saa. Malipo aliyakataa, aliomba tu naye aijaribu skuta, na aliiendesha kunishinda. Anayemfahamu amfikishie salamu zangu.