Mama Furaha, usisaini kwanza

Bowling Green, Kentucky, Jumapili usiku

Mpenzi Mama Furaha,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Sisi wazima, homa ya Imani imekwisha. Nisamehe kimya changu cha tangu Pasaka; nitakueleza siku nyingine, leo nina jambo moja linaloninyima usingizi.

Baba Esther kaniambia kanisani kwamba mnahamia huku na mmeshapata nyumba ya trela ya bei nafuu. Nilipiga vigelegele palepale! Kisha akaongeza kwamba umeangalia ramani ya tonado, zile dhoruba za upepo unaozunguka, ukaona majimbo ya Oklahoma na Kansas yamekolea nyekundu, Kentucky imepauka, basi ukamtuliza mumeo kuwa huku ni salama.

Dada yangu, hapana. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2021, kama saa saba na robo, simu zote za nyumbani zililia tahadhari kwa pamoja. Tukajibana sita bafuni, godoro juu ya vichwa, namshika Imani mpaka kucha zangu zikamwachia alama begani. Kulipokucha, mtaa wa pili haupo. Ile pamba ya waridi inayowekwa ndani ya kuta ilikuwa inaning'inia mitini. Hapa kwetu walikufa watu zaidi ya 15, na saa chache kabla, tonado nyingine ilikuwa imeusambaratisha mji wa Mayfield, humu humu Kentucky.

Siku zilizofuata wakaja wapimaji wa hali ya hewa. Nilidhani watakuwa na mashine ya upepo. Mmoja alichuchumaa kwenye msingi wa nyumba iliyong'oka, akawa anagusa boliti moja moja kuona kama ukuta ulikuwa umefungwa sawasawa. Ndivyo wanavyopima: wanatazama kilichovunjika na kilivyojengwa, halafu wanakadiria upepo. Kipimo hicho kilianzishwa mwaka 1971 na Profesa Fujita wa Chuo Kikuu cha Chicago, kikarekebishwa 2007, sasa kinaitwa EF, kutoka 0 hadi 5, na 5 ndiyo kali kuliko zote. Yetu wakaiandika EF3, ya Mayfield EF4.

Kwa hiyo ukali unaouona kwenye ramani umekadiriwa kwa vilivyobomoka. Mwaka 2013 huko El Reno, Oklahoma, ilipita tonado yenye upana wa zaidi ya kilomita 4. Rada zilisoma upepo wa kutisha, lakini ilipita zaidi mashambani, ikaandikwa EF3. Sawa na yetu!

Na huku kwetu zinakuja sana usiku, watu wamelala, vilima na miti vinazificha.

Lakini narudi kwenye trela, maana ndiyo inayoniumiza. EF1, ambayo kwenye ramani ni kistari chembamba usichokijali, inatosha kuipindua. Watu wengi mno wanaokufa kwa tonado Marekani hukutwa ndani ya trela. Nyumba ya Mzee Bahati, ile ya matofali yenye chumba cha chini ya ardhi, inaachwa wazi mwezi ujao. Kodi imezidi kidogo, najua, ila tunaweza kuongea naye, anakuheshimu sana.

Mmeshalipa kitu? Umesaini? Hiyo trela imefungwa chini kwa minyororo au imekalia matofali tu? Kuna handaki la pamoja hapo, na mkikimbia na watoto ni dakika ngapi? Mama mkwe ataweza kushuka ngazi? Nimpigie Mzee Bahati kesho asubuhi?

Wako,
Mama Imani